Usingizi wa Aliyepigwa Kichwani



Ndugu msomaji, barua iliyotufikia safari hii imetoka mbali kuliko zile tulizozoea kuzipokea kutoka Malindi, Lamu na Likoni. Mwandishi wake ni mwalimu, mzaliwa wa pwani, anayesomesha Tarbaj katika kaunti ya Wajir. Anaeleza kwamba kijana wa jirani yake alianguka kutoka juu ya lori la mizigo, akagonga kichwa, akazimia kitambo kidogo, kisha akainuka, akajipangusa vumbi, akacheka na wenziwe na kuswali nao Alasiri. Baada ya Magharibi akalalamika kichwa kinamwuma, akatapika, akasema ana usingizi. Wakubwa wake wakaona ni uchovu, wakamtandikia alale. Alipoitwa kwa Alfajiri hakuitika. Mwalimu anauliza mambo mawili: je, palikuwa na dalili ambayo ingaliweza kuonekana? Na mtu asiyekuwa daktari, akaaye mahali ambapo hospitali kubwa iko mbali, aweza kufanya nini?

Swali la kwanza jibu lake ni ndiyo, nalo ni jibu zito kulitamka mbele ya wafiwa. Ajali ni katika qadari ya Mwenyezi Mungu, na waliomtandikia kijana yule walifanya hivyo kwa huruma. Lakini mwenendo huo wa kuzimia, kuzindukana, kisha kuzama tena, matabibu wanaujua tangu zamani, na wauguzi hufunzwa kuuogopa kuliko jeraha litokalo damu nyingi. Jeraha la ngozi ya kichwa hutisha macho, kwa kuwa ngozi hiyo ina mishipa mingi, ila mara nyingi hushonwa yakaisha. Lililo ndani halionekani, na ndilo tutakalolizungumza.

Fuvu la kichwa ni chombo kisichotanuka. Ndani yake mna vitu vitatu: ubongo, damu, na maji maangavu yanayouzunguka ubongo. Damu ikivuja ikakusanyika, ni lazima kingine kipungue ili ipatikane nafasi. Mwili kwanza huyasukuma nje yale maji pamoja na sehemu ya damu ya vena, na katika muda huo mgonjwa huzungumza, hutembea, hata huomba chai. Nafasi hiyo ikimalizika, shinikizo hupanda kwa kasi, na ubongo husukumwa kuelekea kwenye tundu lililo chini ya fuvu, mahali penye viungo vinavyoendesha pumzi na moyo. Hapo kwenye panja mfupa ni mwembamba, na kwa ndani yake hupita ateri. Mfupa ukipasuka, ateri hiyo huweza kukatika, na damu ikajaza kati ya mfupa na utando wa ubongo kwa muda wa saa chache. Ikiwa iliyochanika ni vena, kama inavyotokea kwa wazee na kwa wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, yaweza kuchukua siku kadhaa, au hata wiki, mpaka watu wamekwisha kusahau kwamba babu aliteleza msalani.

Kwa hivyo usingizi wa aliyepigwa kichwani haupimwi kama usingizi wa mchovu. Si kwamba asilale kabisa, kama wengine wanavyodhani; mtu aliyeumia hulala kama watu wengine. Jambo ni kuwa kuwe na mtu wa kumwamsha, kumwuliza, na kuona kama anaamka sawa na alivyoamka mara iliyopita. Uuguzi wa kichwa karibu wote umesimama juu ya kufananisha sasa na saa iliyopita.

Ili kufananisha, panahitajika kipimo. Mwaka 1974 madaktari wawili wa Glasgow, Uskoti, Graham Teasdale na Bryan Jennett, walichapisha kipimo ambacho hadi leo hutumika duniani kote. Kabla yake mmoja aliandika «amelewa na maumivu», mwingine «nusu fahamu», na kila mmoja alikuwa na maana yake. Wao walitaka yaangaliwe mambo matatu tu: macho, maneno na mwendo wa viungo. Macho yana alama 4: hufumbuka yenyewe, au kwa kuitwa, au kwa kufinywa, au hayafumbuki. Maneno yana 5: mgonjwa anajua ni nani, yuko wapi na ni wakati gani, au anazungumza lakini amechanganyikiwa, au anatoa maneno yasiyoungana, au anaguna tu, au yuko kimya. Viungo vina 6, kuanzia anayetii akiambiwa ainue mkono, mpaka asiyesogeza chochote. Jumla ya juu ni 15, ya chini ni 3, hata kwa maiti, jambo ambalo wanafunzi wa uuguzi huliona geni kila mwaka. Kuanzia 13 hadi 15 jeraha huitwa jepesi, 9 hadi 12 la wastani, na 8 kushuka chini ni zito, maana mtu wa namna hiyo huenda hawezi hata kulinda koo lake lisizibwe na ulimi au matapishi.

Muuguzi mzuri haandiki jumla peke yake. Huandika kila fungu mbali, kwa kuwa wawili wenye alama 10 huenda hawafanani hata kidogo. Naye hurudia: kila nusu saa mpaka mgonjwa afike 15, kisha kila nusu saa kwa saa 2, kila saa kwa saa 4, baadaye kila saa 2. Alama moja ikishuka na kubaki chini kwa nusu saa, humwita daktari, wala haoni haya kumwamsha. Jaribu kufikiri kazi hiyo usiku, muuguzi mmoja akiwa na wadi nzima, mama anayejifungua upande huu na mtoto mwenye homa upande ule. Ndiyo maana jamaa aliyekaa kando ya kitanda, akifundishwa vitu viwili vitatu vya kutazama, huwa ni msaada mkubwa, na kumfukuza kwa ukali naona ni hasara.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo Tarbaj linaonekana wazi zaidi kuliko Mombasa, nalo ni lugha. Fungu la maneno katika kipimo hiki halina maana yoyote ikiwa mgonjwa ameulizwa kwa lugha asiyoijua. Wauguzi wengi wanaopelekwa kaskazini mashariki hutoka Meru, Kisii, Kakamega au huku kwetu. Mchungaji aliyekulia malishoni, ambaye lugha yake ni Kisomali tu, akiulizwa kwa Kiswahili fasaha «Unaitwa nani? Leo ni siku gani?», atamkodolea macho mwulizaji, au atajibu jambo jingine kabisa, na karatasini ataandikiwa kwamba amechanganyikiwa. Akiambiwa ainue mkono asiinue, ataandikiwa kwamba hatii. Mtu mzima wa akili amepoteza alama kadhaa kwa sababu ya ugeni wa mwulizaji. Kinyume chake ni hatari zaidi: ukimya wa mgonjwa anayezama kweli hudhaniwa kuwa ni kutojua Kiswahili, na usiku unapita.

Dawa yake ni nyepesi. Muuguzi ajifunze maneno machache: «Magacaa?» kwa jina lake, «Halkee joogtaa?» kwa mahali alipo, «Indhaha fur» kwa kumwambia afumbue macho. Penye jamaa, jamaa aulize, na muuguzi atazame. Ikiwa hakuna mkalimani kabisa, fungu hilo liachwe bila alama na iandikwe kwa nini, kuliko kubuni.

Na hata kwa lugha sahihi, swali lenyewe lichaguliwe. Mtu asiyehesabu siku kwa kalenda ya ukutani hatajua ni tarehe ngapi hata akiwa mzima wa afya. Mwulize kama ni majira ya gu au ya jilaal, maana mfugaji hawezi kukosa kujua kama anangoja mvua au amo katikati ya kiangazi. Mwulize ni Sala gani imekwisha kuswaliwa. Nahodha mzee wa Lamu naye ataweza kukosea mwezi wa Kizungu, ila kama ni kaskazi au kusi hatakosea labda akiwa mgonjwa kweli.

Mboni za macho huja baada ya hapo. Kwa tochi ndogo, hata ya simu, mahali palipotiwa kivuli, kila mboni hutazamwa kama inasinyaa kwa mwanga na kama zinalingana. Mboni moja ikipanuka na kukataa kusinyaa kwa mgonjwa anayezama, hiyo ni dharura, na mara nyingi damu iko upande uleule. Lakini kuna mitego. Mzee aliyepasuliwa mtoto wa jicho huenda mboni zake hazifanani tangu zamani. Waulizwe wa nyumbani. Na miraa, ambayo huliwa sana Wajir kama inavyoliwa huku kwetu, hupanua mboni zote mbili, hupandisha presha na kuharakisha moyo, kisha nguvu yake ikimtoka mtu humwacha mzito wa usingizi. Muuguzi aulize kuhusu miraa bila kuhukumu, na jamaa aseme ukweli bila kuona aibu, kwani aliyelala pale anahitaji jibu kuliko heshima. Kosa kubwa ni kusema «huyu amekula miraa tu» na kwenda zake. Aliyekula miraa naye huvunjika fuvu.

Kwa mwanamke, kichwa hakichunguzwi juu ya mtandio. Iwekwe pazia, aitwe muuguzi wa kike akipatikana, mtandio ufunuliwe kwa adabu, kwa sababu nyuma ya sikio na chini ya nywele ndimo alama zinamojificha: uvimbe, mbonyeo wa mfupa, weusi wa damu nyuma ya sikio. Macho yaliyozungukwa na weusi pande zote mbili bila kupigwa usoni, na maji maangavu yanayotiririka puani au sikioni, huonyesha kwamba kitako cha fuvu kimepasuka. Maji hayo yasizibwe kwa pamba. Yaachwe yatoke, yafunikwe kwa kitambaa safi kilicholegea. Na mgonjwa wa namna hiyo asitiwe mpira wa chakula kwa njia ya pua.

Presha inayopanda huku mapigo ya moyo yakipungua na pumzi ikienda ovyo ni dalili inayokuja mwisho. Anayengoja aione hiyo ndipo atafute gari amekwisha kuchelewa.

Tulijibu sasa swali la pili la mwalimu. Tarbaj iko kwenye njia itokayo Wajir kwenda Kutulo, Elwak na Mandera, sehemu ya barabara ya Isiolo hadi Mandera yenye urefu wa kilomita 740 hivi, ambayo inatengenezwa kwa lami kipande kwa kipande. Ni neema kubwa kwa wagonjwa, ingawa lami huongeza mwendo wa pikipiki kabla ya kuongeza kofia ngumu vichwani mwa waendeshaji. Wajir mjini kuna hospitali ya rufaa ya kaunti. Kutoka hapo kwenda Garissa ni kilomita 300 na ushei, na Nairobi ni mbele zaidi. Katika masafa hayo, linalofanywa katika saa ya kwanza pale mahali pa ajali lina uzito sawa na la daktari wa upasuaji.

Aliyeumia asinyanyuliwe kwa kushikwa kwapa na miguu kama gunia. Ichukuliwe kwamba shingo yake nayo imeumia: mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili kikae sawa na kiwiliwili, wengine wamgeuze kwa pamoja kama gogo. Akiwa hana fahamu, alazwe ubavu kwa namna hiyohiyo ili matapishi yatoke na ulimi usizibe koo. Jeraha linalotoa damu lifunikwe na kukandamizwa kwa kitambaa safi, isipokuwa mahali ambapo mfupa umebonyea; hapo lifunikwe tu. Pumzi na damu ndivyo vya mwanzo, kwa sababu ubongo ulioumia ukikosa hewa au presha ikaanguka hata kwa muda mfupi, jeraha la pili huongezeka juu ya la kwanza, na hilo la pili ndilo tuwezalo kulizuia. Akipakiwa garini, kichwa kiinuliwe kidogo, kwa kuuinua upande mzima wa ubao na si kwa kumkunja shingo kwa mto.

Asipewe chochote kinywani. Najua ugumu wa neno hili. Kwao kaskazini ni maziwa ya ngamia, kwetu ni maji ya Zamzam au asali, na mkono wa mama hauwezi kutulia bila kumdondoshea mwanawe tone mdomoni. Lakini asiyemeza sawasawa tone hilo huliingiza mapafuni. Mama na asome, amwombee, amshike mkono, amwite jina. Sauti aliyoizoea yaweza kumfanya afumbue macho pale ambapo sauti ya mgeni imeshindwa, na hilo lenyewe ni alama ya kuandikwa.

Dukani asinunuliwe sindano ya maumivu, wala piritoni ya kumlaza. Dawa kama diklofenaki na aspirini huweza kuzidisha kuvuja kwa damu, na za usingizi huficha lile tunalolitafuta. Wako pia wanaodai deksamethasoni ili «ubongo usivimbe». Dawa za jamii hiyo zilijaribiwa kwa maelfu ya majeruhi, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2004 yalionyesha kwamba waliopewa walikufa zaidi. Kuna dawa nyingine, asidi ya traneksamiki, ambayo husaidia damu kuganda. Uchunguzi wa mwaka 2019 uliohusisha wagonjwa zaidi ya 12,000 katika nchi 29 ulionyesha kuwa huweza kuokoa baadhi ya majeruhi ambao hali yao si mbaya mno, ikitolewa ndani ya saa 3. Ndiyo sababu saa ya ajali iandikwe, hata kwa kalamu juu ya kiganja, na mwenye kumsindikiza mgonjwa aende nayo pamoja na yale aliyoyaona: alizimia au la, alitapika mara ngapi, alisema nini mara ya mwisho. Mgonjwa mwenye alama 8 au chini asipakiwe safari ndefu kabla njia yake ya hewa haijalindwa kwa mpira na mtu mwenye ujuzi wa kukaa naye. Gari liendalo kasi peke yake halimponyi.

Huko mbele wazazi huambiwa kwamba kichwa kitatobolewa ili damu itolewe, nao hushtuka, wakaomba wampeleke nyumbani. Tendo hilo si geni. Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki yapata mwaka 1013, alieleza katika kitabu chake At-Tasrif namna ya kutibu mvunjiko wa fuvu, na keekee zilizotengenezwa kwa kizuizi ili zisizame kupita mfupa. Hapa Kenya, mafundi wa Kigusii walikuwa wakifungua fuvu za watu waliopigwa kichwani kabla ya hospitali kujengwa kwao. Leo kunafanywa kwa ganzi na kwa picha ya CT inayoonyesha damu ilipo. Damu iliyo nje ya utando ikitolewa mapema, wengi hurudi kuwa kama walivyokuwa. Kuchelewesha idhini kwa siku moja ili shangazi afike kutoka safarini ni jambo ambalo mimi silikubali, hata kwa kumheshimu shangazi.

Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Jabir habari ya mtu aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe safarini, kisha akapatwa na janaba. Aliwauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayammam, wakamwambia haoni ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume, rehma na amani zimshukie, alikasirika mno, akabainisha kwamba wamemwua, na kwamba asiyejua ponya yake ni kuuliza. Habari hii husomwa katika mlango wa tohara, lakini nakumbuka kwamba majeruhi yule alikuwa wa kichwa, na kwamba waliomjibu walikuwa watu wema waliomtakia ibada sahihi. Kwa mgonjwa wetu, basi, kichwa kilichoshonwa kisilowanishwe kwa hofu ya udhu. Wamwulize sheikh wao kuhusu tayammam na kupaka juu ya bandeji. Na aliyezimia muda wote wa Sala, kwa madhehebu yetu ya Shafi halipi Sala hiyo, kwa hivyo jamaa wasimtikise kwa nguvu wadini ni wakati wa Sala.

Limebaki la nyumbani, ambalo barua haikuliuliza lakini familia nyingi ndilo zinaloishi nalo. Aliyeruhusiwa kutoka hospitali arudi akiwa na mtu mzima wa kukaa naye angalau usiku wa kwanza na siku inayofuata. Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika tena na tena, kifafa, mkono au mguu kulegea, maneno kuvurugika, usingizi usioamshika: lolote katika hayo ni kurudi hospitali usiku huohuo. Mtoto mchanga atazamwe utosi kama umefura, na kama ananyonya kama kawaida. Asiyeweza kugeuka kitandani ageuzwe kila saa 2, mchana na usiku, la sivyo ngozi ya kiuno na visigino hufa.

Wako wanaopona mwili wakarudi na tabia nyingine. Aliyekuwa mpole huwa mkali; aliyekuwa mwerevu wa hesabu hushindwa na chenji ya dukani; mume humsahau mkewe alichomwambia asubuhi, kisha hukasirika kwamba hakuambiwa. Jirani atasema ni jini. Kumsomea Qur'ani ni kheri na hakuna daktari wa haki atakayekataza, lakini kumfunga kamba, kumfukiza moshi hadi akohoe, au kumchoma kichwa kwa chuma cha moto ni kumwongezea jeraha aliyekwisha kujeruhiwa. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayozuia hasira na kupanga mambo, na ikiumia mtu hupoteza breki zake. Mwenye hali hiyo hutengenezewa siku isiyobadilikabadilika: chakula saa ileile, watu wachache chumbani, sauti za chini, jambo moja kwa wakati mmoja, na daftari la kuandikia anayosahau. Shule na mpira vingoje mpaka daktari aseme. Mkewe naye apatiwe wa kumpokea japo mchana mmoja kwa wiki, akalale kwa mamake.